Mganda wa Kumi: Kanisa na Maisha ya Mwanakijiji wa Uingereza, 1215–1381



Mtu akitaka kulijua Kanisa la Zama za Kati, kwa kawaida hupelekwa kwanza kwenye kanisa kuu la Chartres au la Canterbury, akaonyeshwa minara na vioo vya rangi, akaambiwa: hiyo ndiyo imani ya watu wa kale. Mimi nitaanzia ghalani. Katika kijiji cha Great Coxwell, kusini mwa Uingereza, lipo hadi leo ghala la mawe na mbao lililojengwa mnamo 1292 na watawa wa abasia ya Beaulieu. Urefu wake unazidi mita 40, na paa lake linapanda karibu mita 15. Wageni wengi huambiwa kwamba ni ghala la zaka. Si hivyo hasa. Nafaka iliyowekwa humo ilitoka zaidi katika mashamba ya watawa wenyewe. Lakini sidhani mkulima aliyekuwa akipita barabarani na mkokoteni wake alijali sana tofauti hiyo. Alichokiona ni jengo kubwa kuliko nyumba zote za kijijini zikiunganishwa, nalo ni mali ya watu wa Mungu.

Nitabaki Uingereza, na katika muda usiozidi karne mbili: kuanzia 1215, Papa Innocent III alipouitisha Mtaguso wa Nne wa Laterano, hadi 1381, wakulima walipoasi. Zama za Kati ni miaka elfu moja na bara zima, na anayezisema zote kwa pumzi moja hasemi kitu. Ninalotaka kulionyesha ni hili: Kanisa lilikuwa na nguvu kijijini kwa sababu lilikuwa na mkono katika kila kaya, tangu kitovu cha mtoto hadi shimo la kaburi, na kwa sababu hiyohiyo watu waligombana nalo mwaka hadi mwaka bila kufikiria kuliacha. Ugomvi wao ulikuwa wa watu wa nyumba moja. Kuhusu Utatu au asili ya Kristo hawakuwa na neno. Waligombea wana-kondoo, paa linalovuja, mawe ya kusagia.

Mnamo 1300 Uingereza ilikuwa na parokia zipatazo 9,000. Hakuna aliyechagua parokia yake. Ulizaliwa ndani ya mipaka yake, na kila mwaka, siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana, wanakijiji waliizunguka mipaka hiyo kwa maandamano, wakibariki mashamba na kuwaonyesha watoto ulipo mti na lilipo jiwe la mpaka. Waliokuwa nje ya utaratibu huu ni Wayahudi, ambao Mfalme Edward I aliwafukuza nchini mwaka 1290. Baada ya hapo kila mtu aliyezaliwa Uingereza alihesabiwa kuwa Mkristo, awe anasali au hasali.

Jengo la kanisa lenyewe lilikuwa na wenyewe wawili. Kwa desturi ya Uingereza, iliyokwisha kukomaa katika karne ya 13, sehemu ya mashariki yenye altare ilikuwa juu ya paroko, na sehemu ya magharibi wanaposimama waumini ilikuwa juu ya waumini. Mvua ikimlowesha padri, padri alitengeneza paa. Ikiwalowesha watu, watu walichanga. Waliwajibika pia kununua misale, kalisi, mavazi ya Misa, kengele na uzio wa makaburi. Maaskofu walitoa orodha ndefu ya vitu hivyo na kuikagua. Ndiyo sababu walijitokeza watunzaji wa kanisa, walei waliochaguliwa na wenzao kushika fedha na kutoa hesabu. Mtu ambaye kwa bwana wake wa ardhi alikuwa mtwana, asiyeweza hata kumwoza binti yake bila kulipa ada, kanisani angeweza kushika funguo za sanduku. Jambo hilo halikuwa dogo. Muda mrefu kabla ya serikali za vijiji tunazozijua leo, watu hawa walikuwa wamejifunza kanisani kuchanga, kuchagua, kuhesabu na kushtakiana.

Michango ilipatikanaje? Njia moja iliyozidi kuenea ilikuwa pombe. Watunzaji walikusanya shayiri, wakaipika pombe, wakaiuza siku ya sikukuu kwa faida ya kanisa, na majirani walikuja kunywa ili mnara upate kengele: harambee kamili, ila ya kulewesha. Parokia nyingine zilimiliki ng'ombe na kondoo, wakakodishwa kwa wanakijiji, na kodi ikanunua mishumaa. Maaskofu walinung'unika juu ya pombe hiyo, lakini minara iliendelea kupanda.

Ndani hapakuwa na viti. Madawati yalienea baadaye sana. Kwa miaka mingi watu walisimama, walipiga magoti kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, au waliegemea ukuta. Walizungumza pia. John Mirk, mtawa wa Lilleshall aliyewaandikia maparoko mwongozo wa mashairi karibu na mwaka 1400, aliwataka wawakataze watu kupiga soga kanisani na kujiegemeza kwenye nguzo, jambo linalotueleza vizuri watu walikuwa wakifanya nini. Nje, kwenye makaburi, palikuwa na michezo, mikutano, hata masoko. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 ilipiga marufuku masoko na magulio katika viwanja vya makanisa. Baada ya sheria hiyo maaskofu waliendelea kukataza jambo hilohilo, kwa hiyo mnaweza kukisia jinsi ilivyotiiwa.

Sasa zaka, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mambo yalipokuwa yakiuma.

Zaka ililazimishwa kwa sheria. Katika bara la Ulaya, Charlemagne aliiamuru mwaka 779. Uingereza wafalme waliitilia nguvu katika karne ya 10. Ilikuwa fungu la kumi la kila kilichoota na kila kilichozaliwa. Zaka kubwa ilikuwa ya nafaka: shambani, kabla mavuno hayajabebwa, miganda ilipangwa na kila mganda wa kumi ukawekwa kando. Zaka ndogo ilikuwa ya vitu vya nyumbani: maziwa, jibini, mayai, asali, matunda, sufu, kitani, vifaranga vya bata bukini, nguruwe wachanga. Mavuno mazuri au mabaya, hesabu ilikuwa ile ile. Na izingatiwe kwamba mbegu ya mwaka ujao ilitoka katika yale yaliyobaki. Shamba la ngano la wakati huo lilirudisha labda mara nne ya mbegu iliyopandwa. Ukitoa mbegu na zaka, na baada ya hapo kodi ya bwana, utaona ni kiasi gani kilifika mezani.

Lakini wana-kondoo hawazaliwi kwa kumi-kumi. Mwenye wana-kondoo saba atoe nini? Swali hilo la mkulima lilipanda ngazi zote hadi kwa maaskofu, nao walilijibu kwa makini ambayo mimi binafsi nayaona ya kuvutia kuliko mengi waliyoandika juu ya malaika. Kanuni zinazohusishwa na Askofu Mkuu Robert Winchelsey wa Canterbury, za mwanzo wa karne ya 14, zinasema hivi: kwa wana-kondoo sita au pungufu, lipa nusu peni kwa kila mmoja. Wakiwa saba, paroko atachukua mmoja, ila akurudishie nusu peni tatu kwa kuwa kumi haijatimia. Wakiwa wanane atarudisha peni moja. Wakiwa tisa, nusu peni. Na kondoo aliyekaa parokia moja majira ya baridi akahamishiwa malisho ya parokia nyingine, sufu yake itagawanywa kwa kadiri ya muda. Wakati huo kibarua alilipwa peni moja au mbili kwa siku, hivyo nusu peni ilikuwa fedha ya kugombea. Nyuma ya kila kifungu cha kanuni hizo ninaona watu wawili wamesimama kwenye zizi, mmoja amevaa kanzu, wakibishana.

Asiyetoa alilaaniwa. Mara kadhaa kwa mwaka paroko alisoma mbele ya watu, kwa lugha yao, orodha ya wanaotengwa na Kanisa: wachawi, wachomaji nyumba, wenye kutumia mizani ya uongo, na pamoja nao wanaozuia zaka. Alipomaliza, kengele ilipigwa na mshumaa ukatupwa chini ukazimika. Lakini pia kulikuwa na njia za chini kwa chini. Mganda wa kumi unaweza kufungwa mwembamba. Mwana-kondoo wa zaka anaweza kuwa yule kilema. Kumbukumbu za mahakama za Kanisa zimejaa mashauri ya zaka karne baada ya karne, na hiyo ni dalili kwamba mazoea hayakuwahi kuifanya itolewe bila ubishi.

Machungu yaliongezeka pale zaka ilipoondoka kijijini. Abasia na makanisa makuu yalipata ruhusa ya kuichukua parokia kama mapato: watawa wakawa ndio paroko kisheria, wakavuna zaka ya nafaka, kisha wakamweka padri msaidizi ambaye kwa kawaida aliachiwa zaka ndogo na posho. Kufikia mwisho wa Zama za Kati zaidi ya theluthi moja ya parokia za Uingereza zilikuwa zimemezwa namna hiyo. Mganda ulilelewa hapa ukaliwa kwingine. Padri mliyeishi naye alikuwa maskini wa kukimbizana na mayai yenu, huku ngano ikienda kwa watu msiowajua. Kwa maoni yangu jambo hili liliharibu uhusiano wa watu na Kanisa kuliko kisa chochote cha padri mwenye mwanamke.

Mtu alipokufa, bwana wa ardhi wa mtwana alichukua mnyama bora wa marehemu. Paroko alifuata akachukua wa pili kwa ubora, na sababu iliyotolewa ni kwamba marehemu huenda alisahau zaka fulani katika uhai wake. Mjane mwenye ng'ombe wawili anafanya hesabu mwenyewe.

Wakati nao ulikuwa wa Kanisa. Mwanakijiji hakuwa na tarehe. Alikuwa na watakatifu. Kodi ililipwa siku ya Malaika Mkuu Mikaeli, 29 Septemba, na siku ya Kupashwa Habari Maria, 25 Machi, ambayo Uingereza ndiyo ilikuwa mwanzo wa kuhesabu mwaka mpya. Wanyama walichinjwa na kutiwa chumvi karibu na siku ya Martin, 11 Novemba. Ukiacha Jumapili, kulikuwa na sikukuu 40 hadi 50 za kutofanya kazi, idadi ikitofautiana kwa jimbo. Mabwana walilalamika kwamba wanapoteza siku za kazi. Vibarua walilalamika kwamba wanapoteza ujira. Siku za Ijumaa nyama ilikatazwa, na Kwaresima yote nyama, mayai, maziwa na jibini. Tajiri alikula samaki wa kila aina, maziwa ya lozi na tini. Maskini alikula uji, maharagwe na heringi wa chumvi, wakati ghala linaelekea kupungua na kuku, bila kujua sheria ya Kanisa, wameanza kutaga.

Mtoto akizaliwa dhaifu, hakuna muda wa kumngoja padri. Kwa hiyo Kanisa, ambalo halikumruhusu mwanamke kukaribia altare, lilimkabidhi mkunga sakramenti ya kwanza. Mirk anawaagiza maparoko wawafundishe wakunga maneno ya ubatizo kwa lugha yao. Padri akija baadaye asirudie. Aulize tu nini kilisemwa, na kama maneno yalivurugika lakini nia ilikuwa sahihi, ubatizo umesimama. Nyuma ya agizo hilo kuna hofu nzito: mtoto aliyekufa bila maji hakuzikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Siku arobaini hivi baada ya kujifungua, mama alikwenda kanisani na mshumaa kutoa shukrani, akifuatana na wanawake wenzake, na kurudi kwao kulikuwa kwa kula na kunywa.

Ndoa ndiyo iliyoleta vituko. Papa Alexander III, aliyetawala kuanzia 1159 hadi 1181, aliimarisha fundisho kwamba kinachofunga ndoa ni ridhaa ya wawili wenyewe. Mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 12 wakiambiana kwamba wanaoana sasa hivi, wameoana. Wakiahidiana kuoana baadaye, kisha wakalala pamoja, wameoana vilevile. Padri si sharti, shahidi si sharti, baba si sharti, na bwana wa ardhi pia si sharti. Hebu fikirini uzito wa fundisho hilo katika jamii ambapo kila mtu mwenye mali alitaka kupanga nani amwoe nani. Kanisa lenyewe halikupenda matokeo yake. Liliziita ndoa za siri, likaziadhibu, lakini halikuthubutu kuzitangua.

Matokeo yake yalijaa mahakamani. Mashauri ya mahakama ya Kanisa ya York ambayo yamehifadhiwa yanatuletea watu walioapiana shambani, jikoni, kitandani, kwenye baa, kisha mmoja akakana. Mwanamke anasema aliniambia ananioa. Mwanamume anasema nilikuwa nikitania. Mashahidi wanaulizwa nani alikuwepo, mwezi ulikuwa unawaka, alishika mkono gani. Ili kupunguza fujo hiyo, Mtaguso wa 1215 uliagiza kila ndoa itangazwe kanisani mapema, mwenye kipingamizi ajitokeze. Mliosikia nia za ndoa zikisomwa Jumapili tatu mfululizo katika makanisa yetu mmelisikia agizo hilo likiwa hai bado. Mtaguso huohuo ulilegeza kamba nyingine. Kabla yake ilikatazwa kuoana na ndugu hadi kizazi cha saba. Sasa ikawa hadi cha nne. Ukijumlisha na udugu wa ubatizo, maana aliyekusimamia kwenye maji na jamaa zake wa karibu walikuwa mwiko kwako, kijiji cha nyumba hamsini hakikuwa na wachumba wengi hata baada ya nafuu hiyo.

Agizo lililobadilisha maisha kuliko yote ya 1215, hata hivyo, lilikuwa la kitubio. Kila Mkristo aliyefikia umri wa akili, mwanamume kwa mwanamke, aungame dhambi zake walau mara moja kwa mwaka kwa padri wake mwenyewe, na apokee Ekaristi wakati wa Pasaka. Asiyefanya hivyo azuiwe kuingia kanisani, na akifa asizikwe Kikristo. Mtu aliyekulaani kwa zaka sasa ndiye unayempigia magoti na kumnong'oneza ulichofanya. Wengine waliona ni faraja, wengine ni upelelezi, na sioni sababu ya kuchagua kati ya hao wawili.

Basi Ekaristi ilipokewa mara moja kwa mwaka. Jumapili nyingine zote watu waliitazama tu: kengele ilipolia, padri aliinua hostia juu, na wote wakainua macho. Wakitoka, walipewa kitu kingine, mkate wa kawaida uliobarikiwa, ambao kaya zilipokezana kuuoka na kuuleta. Ulikatwa vipande na kila mtu akapata chake. Ulikuwa mkate wa ujirani, alama kwamba wewe ni mtu wa hapa, na watu waligombana juu ya nani apewe kwanza na nani kapewa kipande kidogo. Ninaomba mkumbuke vipande hivyo vya mkate, maana tutakutana navyo tena.

Misa ilikuwa Kilatini. Mwaka 1281 Askofu Mkuu John Pecham aliwaagiza maparoko wote wa jimbo lake kuu wafundishe kwa lugha ya watu, mara nne kwa mwaka, mambo ya msingi: Kanuni ya Imani, Amri Kumi, matendo ya huruma, dhambi saba, sakramenti saba. Agizo hilo linaanza kwa kulaumu ujinga wa mapadri, nalo lilisomwa na kunakiliwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Lakini lugha ya watu ni ipi? Mwaka 1397, hatua chache nje ya mpaka wa muda niliojiwekea, Askofu John Trefnant wa Hereford alizunguka jimbo lake akiwauliza waumini wana malalamiko gani. Watu wa Garway, mpakani mwa Wales, walimjibu kwamba padri wao hawezi kuwahudumia, kwa sababu hajui Kiwelisi na wengi wao hawajui Kiingereza. Kwingine walilalamika juu ya mapadri wasiokaa parokiani, wanaoishi na wanawake, wanaofanya biashara. Sikilizeni malalamiko hayo vizuri. Hakuna anayesema tuondoleeni padri. Wanasema: tunalipa, tuleteeni padri wa kweli.

Sasa turudi nyuma karibu nusu karne, ulipokuja ugonjwa. Tauni iliingia bandari za kusini mwaka 1348, na kufikia Januari 1349 Ralph wa Shrewsbury, Askofu wa Bath na Wells, alikuwa na parokia zilizobaki bila mapadri. Wengine walikuwa wamekufa, na wengine hawakutaka kwenda kwa wagonjwa. Akaandika barua itangazwe kila mahali: anayekaribia kufa, asipompata padri, aungame kwa mtu mwingine yeyote, hata mlei, na kama hakuna mwanamume, hata kwa mwanamke. Teolojia ya zamani iliruhusu jambo hilo wakati wa dharura, kwa hiyo askofu hakuvumbua. Lakini kulitangaza hadharani, kijiji kwa kijiji, ni kukiri kwamba ule mkono uliokuwa katika kila kaya umepungukiwa vidole. Katika majimbo mengi karibu nusu ya maparoko walifariki. Askofu Ralph mwenyewe alinusurika, na Desemba ya mwaka huo alipokwenda Yeovil kutoa shukrani kwa kupita kwa tauni, kundi la watu wenye silaha lilimzingira yeye na wafuasi wake kanisani.

Waliobaki hawakulikimbia Kanisa; walilitajirisha. Wafu walikuwa wengi, na kila mfu aliaminiwa kuwa toharani, akisubiri sala za walio hai. Wosia wa wakati huo umejaa fedha za mishumaa, za Misa, za mkate kwa maskini watakaohudhuria mazishi ili waombe. Mwenye uwezo aliacha ardhi ya kumlipa padri asali kwa ajili yake miaka na miaka. Asiye na uwezo alilipa senti chache jina lake liingie katika orodha ya marehemu iliyosomwa parokiani, na siku ya kusomwa orodha hiyo mtu alisikia majina ya babu na bibi yake yakitajwa pamoja na ya matajiri. Nadhani hii ndiyo huduma ya Kanisa ambayo watu waliinunua kwa hiari zaidi kuliko zote.

Namalizia na mji wa St Albans, ambako karibu yote niliyosema yalikutana.

Mji ulikuwa mali ya abasia. Watu walilima ardhi ya abasia, walihukumiwa na abasia, na walilazimika kusaga nafaka katika vinu vya abasia kwa malipo. Kusaga kwa mkono nyumbani kulikatazwa, na watu waliendelea kusaga kwa siri. Kati ya 1327 na 1336 abate alikuwa Richard wa Wallingford, mtoto wa mhunzi, msomi wa Oxford, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne yake. Alibuni saa ya magurudumu iliyoonyesha mwendo wa jua na mwezi, kazi iliyowashangaza waliofika kuiona, naye aliishughulikia huku ukoma ukimla. Mtu huyohuyo aliagiza mawe ya kusagia ya wenyeji yakusanywe nyumba kwa nyumba, akayatandaza kuwa sakafu katika chumba cha mazungumzo cha watawa. Kila aliyekuja kuonana na watawa hapo alikanyaga jiwe la nyanya yake.

Juni 1381 wakulima walioasi walipoingia London na kumkata kichwa Askofu Mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa pia mkuu wa mihuri ya mfalme, watu wa St Albans waliinuka chini ya William Grindcobbe. Anayetusimulia ni Thomas Walsingham, mtawa wa abasia hiyo, aliyewachukia kwa moyo wote. Ndiyo maana namwamini anapotaja jambo asilolielewa vizuri. Hawakuivunja altare. Walimtaka Abate Thomas de la Mare awape hati za haki: malisho, uvuvi, uwindaji, kusaga nyumbani. Walishikilia kwamba ipo hati ya kale ya Mfalme Offa, yenye herufi kubwa za dhahabu na buluu, ambayo watawa wameificha. Kisha waliingia katika kile chumba, wakayang'oa mawe yaliyokuwa sakafuni kwa miaka hamsini, wakayatoa nje, wakayavunja, na kila mtu akapewa kipande. Walsingham anaandika kwamba waliyagawa kama mkate uliobarikiwa unavyogawiwa Jumapili katika makanisa ya parokia. Wale watu walikuwa wanaifanya ibada waliyoijua, na kwa maana waliyoijua: huyu ni wa hapa, na hiki ni chake.

Julai Mfalme Richard II alifika St Albans na hakimu wake Robert Tresilian. John Ball, padri aliyehubiri kwamba mwanzoni hapakuwa na mabwana, alinyongwa mjini humo tarehe 15 Julai. Grindcobbe naye alinyongwa, na hati zote zilizotolewa kwa shinikizo zikafutwa. Watawa walirudi kwenye vinu vyao na kwenye zaka zao kwa zaidi ya karne moja na nusu, hadi Henry VIII alipoifunga abasia mwaka 1539 na mali yake ikaanza kuuzwa vipande. Mwaka 1553 wenyeji wa St Albans walilinunua lile kanisa kubwa la watawa kwa pauni 400, wakalifanya kanisa la parokia yao, na sehemu yake ya nyuma kabisa, kikanisa cha Bikira Maria, wakaijengea ukuta ikawa shule ya watoto wao. Paa lote la jengo hilo, tangu altare hadi mlangoni, sasa likawa juu yao kulitengeneza, na kwa miaka mingi iliyofuata halikuacha kuvuja.